Mkopo uliolipwa kwa tochi na vitambaa: Tanzania, China na kahawa ya Karagwe

Tangu tulipotangaza kwamba China imefuta ushuru kwa bidhaa zote zinazotoka nchi kama yetu, wasikilizaji wetu wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na kule Murongo mpakani wamekuwa wakituuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Je, hiyo nafuu itafika kwenye kilo ya maganda, au itaishia Dar es Salaam? Wazee nao wameongeza lao: wanasema hii si mara ya kwanza kwa Tanzania kuingia biashara ya namna yake na China, na kwamba mara ya kwanza kulikuwa na mengi ya kujifunza.

Wazee wana haki. Kwa hiyo leo tunaanza na ile ya kwanza, ndipo tuje kwenye kahawa.

Turudi mwaka 1965. Tanzania ilikuwa nchi changa, maskini, na ilikuwa imetangaza kwamba haifungamani na upande wowote katika ugomvi wa wakubwa. Kusema hivyo ni rahisi. Kuishi hivyo ni gharama. Biashara yetu karibu yote ilikuwa inaelekea Uingereza na marafiki zake, na misaada ilitoka huko huko. Ujerumani Magharibi ilipokasirika kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa na ofisi ya uwakilishi katika nchi yetu baada ya Muungano, iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na misaada mingine yote. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe. Desemba mwaka huo Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao tulikuwa tumeutegemea ukazuiwa.

Hapo ndipo suala la reli lilipokuwa zito. Zambia ilikuwa inasafirisha shaba yake kupitia Rhodesia, yaani kupitia mikononi mwa maadui. Ilihitaji njia ya kwenda bahari ya Hindi kupitia kwetu. Benki ya Dunia ilikataa kugharamia. Wataalamu wa Uingereza na Canada walifanya upembuzi mwaka 1966 wakasema reli inawezekana, lakini hakuna nchi ya Magharibi iliyotoa fedha. Mwalimu alikuwa amekwenda Beijing Februari 1965 na kutia saini mkataba wa urafiki. Zhou Enlai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huo huo. Mkataba wa kujenga reli ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha.

Ikumbukwe kwamba China ya wakati huo haikuwa China ya leo. Ilikuwa nchi ya kikomunisti yenye watu wengi sana na mabomu ya nyuklia, ndiyo, lakini mkulima wake hakuwa na hali nzuri kuliko mkulima wa Bugene. Fedha za kigeni, yaani dola na pauni, haikuwa nazo za kugawa. Na sisi pia hatukuwa nazo.

Sasa nchi mbili zisizo na dola zinajengaje reli ya kilomita 1,860?

Jibu lake ndilo kiini cha makala haya, na tunaomba tulieleze polepole kwa sababu watu wengi wanaijua TAZARA lakini hawajui ililipwaje.

China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988 kwa Tanzania na Zambia pamoja. Haukuwa na riba. Kulipa kulipangwa kuanza mwaka 1983, kwa miaka 30. Sehemu moja ya mkopo ilikuja kama vitu vya reli yenyewe: mataruma, vyuma, injini, mitambo, na wataalamu. Hiyo ni rahisi kuelewa. Lakini reli ina gharama nyingine ambazo haziwezi kuletwa kwa meli. Kibarua wa Mlimba anataka mshahara wake kwa shilingi. Anayeuza mchele wa kuwalisha wafanyakazi anataka shilingi. Mbao, saruji, mafuta ya lori, vyote vinanunuliwa hapa hapa. China haina shilingi. Serikali yetu nayo ingezichapisha tu, bei zingepanda nchi nzima.

Ndipo ikaja mbinu ya mkopo wa bidhaa. China ilileta melini bidhaa za kawaida za nyumbani: vitambaa, baiskeli, cherehani, tochi na betri, chupa za chai, mabakuli ya bati yaliyochorwa maua, kalamu za wino. Bidhaa hizo zilikabidhiwa kwa shirika la umma la biashara, lile STC lililoanzishwa mwaka 1967, na baada ya kuvunjwa mwaka 1973 kazi yake ikaenda kwa kampuni za biashara za mikoa, zile RTC ambazo wazee wetu wanazikumbuka vizuri. Wananchi walinunua kwa shilingi. Shilingi zikaingia kwenye mfuko wa kugharamia ujenzi. Thamani ya bidhaa ikaandikwa kwenye daftari la deni, kwa yuan.

Kwa hiyo mtu aliyenunua tochi dukani Kayanga alikuwa, bila kujua, anachangia mshahara wa kibarua aliyekuwa anachimba handaki kati ya Mlimba na Makambako. Reli yenyewe haikufika kwetu na haitafika. Hata upana wake ni tofauti: njia ya TAZARA ina milimita 1,067, wakati Reli ya Kati, iliyokuwa inabeba kahawa yetu kutoka Mwanza baada ya kuvuka ziwa, ina milimita 1,000. Behewa la moja haliwezi kutembea kwenye nyingine. Lakini bidhaa za reli ziliingia mpaka ndani ya nyumba za migomba.

Ujenzi ulianza rasmi Oktoba 1970. Njia ilikamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa Julai 1976, kabla ya muda uliopangwa. Wachina zaidi ya sitini walifia kazini, na wengi wao wamezikwa hapa hapa nchini.

Je, ilikuwa biashara nzuri? Sisi tunaona ilikuwa nzuri kwa upande wa reli na ya wastani kwa upande wa duka.

Kwa upande wa reli, hakuna aliyekuwa tayari kutoa masharti kama yale. Mkopo usio na riba, muda mrefu, na malipo ambayo yangeweza kufanywa kwa bidhaa au kwa fedha iliyokubalika na pande zote mbili. Ulipofika mwaka wa kuanza kulipa, uchumi wetu ulikuwa hoi na malipo yakaahirishwa. Mkopeshaji mwingine angekuja na mawakili.

Kwa upande wa duka kulikuwa na kasoro. Mkopo wa bidhaa unakulazimisha ununue kwa yule yule. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 China ilipanda haraka na kuwa miongoni mwa nchi zilizotuuzia bidhaa nyingi kabisa, si kwa sababu kila mwenye duka aliamka akapenda bidhaa zake, bali kwa sababu shilingi za reli zilipaswa kupatikana. Bidhaa ikikaa rafuni bila kununuliwa, mshahara wa reli unachelewa. Zambia iliona taabu hii zaidi yetu. Watu wake walikuwa wamezoea bidhaa za kusini na mzigo wa China ulikwenda taratibu. Isitoshe, vitambaa vya kutoka nje viliingia wakati sisi wenyewe tulikuwa tunafungua viwanda vya nguo. Cha ajabu ni kwamba kiwanda kikubwa kuliko vyote, cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968, kilijengwa na China hiyo hiyo. Mkono mmoja unakujengea kiwanda, mwingine unakuletea kitambaa kilichokwisha kufumwa.

Ujenzi ulipokwisha, bidhaa za China zilipungua madukani karibu mara moja. Hilo peke yake linaonyesha kwamba ilikuwa biashara ya reli zaidi kuliko biashara ya soko.

Urithi mwingine ulibaki. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilijengwa kwa msaada wa China, na majembe yake yamelima mashamba ya hapa kwetu miaka mingi. Kuna shamba la mpunga la Mbarali, mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, kiwanda cha sukari cha Mahonda kule Unguja. Kuna na kampuni ya meli ya ubia, Sinotaship, ya mwaka 1967. Hatuna nafasi ya kueleza kila kimoja kilivyoishia. Urafiki peke yake ingehitaji kipindi kizima.

Sasa upande wa pili wa mizani: sisi tuliiuzia nini China? Pamba kwanza kabisa, kisha katani na tumbaku. Kahawa hapana. Wachina walikuwa wanywaji wa chai, na soko la kahawa duniani lilikuwa na utaratibu wake. Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962, kila nchi inayozalisha ilipewa mgawo wa kiasi cha kuuza Ulaya na Marekani, ili bei isianguke. Nchi ambazo hazikuwa na desturi kubwa ya kunywa kahawa, kama Japani, Urusi ya Kisovieti na nchi nyingine za kikomunisti, ziliwekwa nje ya mgawo. Huko ungeweza kuuza ziada yako, lakini kwa bei ya chini. Kwa mkulima wa robusta wa Karagwe maana yake ilikuwa hivi: soko la wakomunisti lilikuwa ni mahali pa kupeleka kilichobaki. Migawo hiyo ilisimama na kurudi mara kadhaa, mpaka ilipokufa kabisa Julai 1989. Wanaokumbuka jinsi bei ilivyoporomoka miaka iliyofuata hawahitaji maelezo yetu.

Kuna jambo watu huchanganya, nalo ni hili la kutofungamana. Wengine husema Tanzania ilikuwa inajiita haifungamani huku imelala kitanda kimoja na China. Ukiangalia matendo, picha ni nyingine. Wakati China inajenga reli, Sweden na nchi nyingine za Skandinavia zilikuwa miongoni mwa wafadhili wetu wakubwa. Jeshi letu lilifundishwa na Wacanada na Wachina kwa nyakati zinazofuatana. China na Urusi zenyewe zilikuwa maadui wakati huo, na sisi tulizungumza na zote mbili. Aprili 1970, miezi michache kabla reli haijaanza kujengwa, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa maandalizi wa nchi zisizofungamana. Na sisi wa mkoa huu tuna ushahidi wa karibu zaidi. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa mwaka 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, yalikuwa na silaha nyingi za Kirusi. Jeshi letu lililowafukuza lilikuwa na za Kirusi na za Kichina pia.

Lakini urafiki huo haukuwa wa bure. China ilitaka kutambuliwa. Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuirudishia Beijing kiti chake, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, na balozi wetu Salim Ahmed Salim alishangilia waziwazi ukumbini. Miaka kumi baadaye Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, raundi baada ya raundi. China nayo ikamzuia mpinzani wake, Kurt Waldheim. Wote wawili wakakosa.

Tuje leo.

Biashara kati ya Tanzania na China mwaka 2023 ilipita dola bilioni 8, na sehemu kubwa mno ni bidhaa zinazokuja huku. Hakuna tena STC. Kuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayepanda ndege kwenda Guangzhou. Hakuna tena daftari la yuan lisilo na riba. Mikopo mingi ya sasa ni ya benki na ina masharti ya benki. Hata TAZARA yenyewe imeingia sura mpya: Septemba 2024, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua, na kampuni ya China ya CCECC inapewa kuiendesha kwa miaka 30 kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Safari hii ni biashara kamili, si mkopo wa kindugu. Na safari hii Marekani na Ulaya hawakukaa pembeni: wao wanasaidia reli ya Lobito inayopeleka shaba hiyo hiyo upande wa Angola.

Kuhusu ushuru, mambo yako hivi. Rais Samia alikwenda Beijing Novemba 2022. Mwezi uliofuata China ilifuta ushuru kwa asilimia 98 ya aina za bidhaa zinazotoka Tanzania. Kuanzia tarehe 1 Desemba 2024 ikafika asilimia 100 kwa nchi zote zenye maendeleo duni ambazo zina uhusiano wa kibalozi nayo, na sisi tumo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya punguzo ilikuwepo hata kabla ya tangazo lililofanya simu zetu zilie.

Ushuru wa kawaida wa China kwa kahawa ghafi ni asilimia 8, na kwa iliyokaangwa ni asilimia 15. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme tani ya robusta safi inauzwa dola 4,000. Asilimia 8 ni dola 320, yaani senti 32 kwa kilo. Kilo moja ya kahawa safi hutokana na karibu kilo mbili za maganda. Basi kwa kilo ya maganda ni senti 16 za dola, kama shilingi 400 hivi ukihesabu dola kwa shilingi 2,500. Hicho ndicho kiasi cha juu kabisa kinachoweza kumfikia mkulima kutokana na ushuru kufutwa.

Angalia neno "kinachoweza". Ushuru hulipwa na anayeingiza mzigo kule China. Ukifutwa, wa kwanza kunufaika ni yeye. Utashuka mpaka kwenye mnada wa chama cha msingi iwapo tu kuna wanunuzi wawili au watatu wanaogombea mzigo wetu ili waupeleke China. Mnunuzi akiwa mmoja, shilingi 400 zinabaki njiani.

Je, wanunuzi hao wapo? Wachina wa leo wanakunywa kahawa. Kampuni moja tu ya kwao, Luckin Coffee, ilivuka maduka 20,000 mwaka 2024. Mkoa wao wa Yunnan unalima kahawa, lakini ni arabika. Robusta ya kutengenezea kahawa ya unga wanalazimika kuitafuta nje. Vietnam iko jirani nao na inatuzidi mbali kwa wingi, kwa hiyo tusijidanganye kwamba wanatusubiri sisi.

Kuna na mlango wa pili ambao habari za ushuru huusahau. Tangu Januari 2022, chini ya kanuni za forodha ya China, kiwanda cha nje kinachotayarisha chakula cha kuuzwa kule lazima kiandikishwe, na kahawa ghafi imetajwa miongoni mwa bidhaa ambazo uandikishaji wake hupitia kwa mamlaka ya serikali ya nchi inayouza. Maana yake, kahawa iliyokobolewa kwenye kiwanda ambacho hakijaandikishwa haiingii, hata kama ushuru ni sifuri. Parachichi letu lilipata mkataba wake wa afya ya mimea Novemba 2022, soya iliupata Oktoba 2020. Kwa kahawa swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu wa chama ni jepesi: kiwanda kinachokoboa mzigo wetu kimeandikishwa au hakijaandikishwa?

Na tukumbuke tofauti ya 8 na 15. Punguzo kubwa liko kwenye kahawa iliyokwisha kutengenezwa. Mkoa huu una kiwanda cha TANICA pale Bukoba, kinachotengeneza kahawa ya unga tangu miaka ya 1960, na vyama vyetu vya ushirika vina hisa ndani yake. Tungependa kusikia viongozi wa ushirika wakizungumzia hilo kwa uzito ule ule wanaozungumzia maganda.

Mwisho kuna butura, na hapa hatuna budi kusema wazi. Mkulima aliyeuza kahawa yake ikiwa bado maua, kwa mtu aliyempa fedha za ada ya shule mwezi Januari, hana chochote cha kupata kutoka Beijing wala London. Septemba 2024 bei ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani, na bado walikuwepo majirani zetu waliopokea bei waliyopatana msimu ukiwa haujafika. Kwao ushuru wa China ni habari ya redioni tu.

Anayetaka kufuatilia aanze na chama chake cha msingi, kisha KDCU, kisha ofisi ya Bodi ya Kahawa. Sisi tumewaomba maofisa wa ushirika waje studio kujibu swali la uandikishaji wa viwanda, na siku watakapokuja tutatangaza saa na kufungua simu.